Mwisho wa Msimu wa Kandanda Lubaga

Juu ya kilima cha Lubaga, katika jiji la Kampala, limesimama kanisa kuu la Wakatoliki lililowekwa wakfu mwaka 1925. Ukiteremka kuelekea kusini utafika Wankulukuku, penye kiwanja cha kandanda chenye jina la Kabaka Mutesa wa Pili. Historia ya kilima imeandikwa vitabuni. Historia ya kiwanja, kwa sehemu kubwa, ingali vinywani mwa mashabiki, nayo husimuliwa zaidi msimu unapomalizika, wakati mahesabu ya pointi yanapofungwa na kila mtu akaanza kupima alichokipata na alichokikosa.

Wenyeji wa kiwanja hicho ni klabu ya Express, iliyoundwa mwaka 1957. Jina lake lilitokana na gazeti la Uganda Express, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Jolly Joe Kiwanuka, mwanasiasa na mwenye magazeti. Waganda huiita klabu hiyo Mukwano gw'abangi, yaani Rafiki wa Wengi. Mwalimu wa Kiswahili hatashindwa kuona udugu wa maneno: «-ngi» ya Kiganda na «-ingi» yetu ni mtoto wa mama mmoja.

Ligi ya taifa ya Uganda ilianza mwaka 1968, na mabingwa wa kwanza walikuwa timu ya Magereza ya Kampala. Mwaka 1971 ubingwa ulichukuliwa na Simba, timu ya jeshi, ambayo mwaka uliofuata ilifika fainali ya kombe la klabu bingwa za Afrika na kushindwa na Hafia ya Conakry. Express nayo ilitwaa ubingwa mwaka 1974 na 1975. Lakini hiyo ilikuwa zama ya Idi Amin, na furaha ya raia haikuwa na dhamana. Kiwanuka alikuwa amekwisha kutekwa nyara Nairobi mwaka 1973, asionekane tena. Katika miaka ya mwisho ya utawala huo klabu yenyewe ilifungiwa na serikali, ikarejea uwanjani baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Shabiki wa siku hizi hulalama timu yake ikikosa kombe. Wazee wa Wankulukuku waliwahi kuikosa timu yenyewe.

Hapa yafaa tutue kidogo juu ya lugha, maana inatuhusu. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Aliyekisikia usiku mlangoni hakutarajia heri. Jina la Simba lilitoka katika ulimwengu huo wa jeshi. Hata hivyo, klabu ya raia iliyozaliwa mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys, ambayo baadaye ikawa SC Villa, huitwa na mashabiki wake Jogoo. Kiganda kina neno lake la jogoo, sseggwanga, wala hapakuwa na dhiki ya msamiati. Mashabiki walilichukua neno la Kiswahili kwa hiari, wakalishangilia. Amri ya serikali haikuweza kukipa Kiswahili mapenzi ya watu wa Kampala; uwanjani neno moja liliyapata pasipo amri yoyote. Baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, ilikuwa vyema kukumbuka mfano huo.

Turudi kwenye miisho ya misimu. Upo mwisho wa kushindwa kwa heshima. Machi 1978, timu ya taifa, Cranes, ikiongozwa na nahodha Jimmy Kirunda, iliifunga Nigeria 2 kwa 1 katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, kisha ikafungwa na wenyeji Ghana 2 kwa 0 katika fainali mjini Accra. Uganda haikurudi katika mashindano hayo hadi mwaka 2017, baada ya miaka 39. Lakini hakuna shabiki anayeona haya kuitaja Accra. Aliyeshindwa alicheza, na aliyeshinda alishinda.

Upo mwisho mwingine ambao hauna utulivu huo. Mwaka 2003 Express na Villa zilikimbizana hadi siku za mwisho, hata wingi wa mabao ukawa jambo la kuamua bingwa. Ndipo Villa ikaifunga Akol mabao 22 kwa 1. Hata tukihesabu dakika 90 kamili, ni bao moja kwa kila dakika 4 hivi, nao muda wa kurudisha mpira katikati na kuanza upya umo humo humo. Shirikisho la kandanda, FUFA, lilifuta matokeo hayo, lakini ubingwa ulibaki kwa Villa. Upande wa Wankulukuku haukupata hata kilio cha haki, kwa sababu mtu hulia vizuri anapojua alishindwa na nani. Upande wa Villa nao ulipata kombe ambalo hadi leo haliwezi kusimuliwa bila kutajwa ile 22. Hasara iliwafikia wote wawili.

Mambo haya yanaeleza kwa nini shabiki huudhika zaidi na mwisho mbovu kuliko kushindwa. Shabiki hana mshahara katika kandanda. Anachotoa ni nauli, sauti na Jumamosi zake za mwaka mzima, na anachodai ni kimoja tu: kwamba hesabu iliyoanza mechi ya kwanza ifungwe kwa haki mechi ya mwisho. Hesabu ikichezewa mwishoni, hata zile Jumamosi za mwanzo zilizopita salama huharibika nyuma yake.

Upo pia mwisho usiokuja. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha michezo kwa sababu ya maradhi ya korona huku mechi zingali zimebaki, na Express, iliyokuwa mbele, ikatangazwa bingwa. Kombe lilikuwa halali, ila halikuwa na siku yake: hapakuwa na filimbi ya mwisho wala umati wa kuingia kiwanjani. Na kuna mwisho unaochelewa. Villa, baada ya ubingwa wa mwaka 2004, ilingoja hadi mwaka 2024 ndipo ikapata wa 17. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mashabiki wa Jogoo mwaka ule wa 2004 alitimiza miaka 20 ndipo akaiona furaha ambayo wazazi wake waliizoea kila mwaka. Subira ya namna hiyo si ya kubezwa hata na mpinzani wa Wankulukuku.

Basi, walimu wenzangu, msimu mwingine ukimalizika tusiwaache wanafunzi wetu wahesabu makombe tu. Tuwaombe wawaulize wazee wao msimu gani ulimalizika vibaya, na kwa nini, kisha waandike majibu kwa Kiswahili fasaha. Watapata insha nzuri, na pamoja nayo kipande cha historia ya nchi ambacho wenye kukijua wanazidi kupungua.