Ziwa Naivasha

Ziwa Naivasha ni ziwa la maji baridi katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kiasi cha kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 1,885 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ziwa la bonde hilo upande wa Kenya lililo juu kulipita. Kina chake ni kifupi: sehemu kubwa ya ziwa haizidi mita 6, isipokuwa kwenye kasoko iliyozama kando ya Kisiwa cha Crescent, ambako kina huzidi mita 15. Eneo lake hutajwa kuwa kilomita za mraba 139. Tarakimu hiyo ni ya kukadiria tu, kwa kuwa ardhi ya pembeni ni tambarare na maji yakishuka mita moja ufuo husogea mbali.

Maji yanakotoka na yanakokwenda

Karibu asilimia 90 ya maji ya mito yaingiayo ziwani huletwa na Mto Malewa, utokao Nyandarua na Kinangop. Mto Gilgil huleta kiasi kidogo, nao Karati hutiririka majira ya mvua peke yake. Mvua inyeshayo juu ya ziwa haifikii nusu ya maji yanayopotea kwa mvuke.

Hakuna mto utokao ziwani. Maziwa jirani yasiyo na mto wa kutoa maji, kama Nakuru, Elmenteita na Magadi, yana maji ya magadi, lakini Naivasha limebaki baridi. Sababu kuu ni kwamba sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi kuelekea kusini na kaskazini, yakienda na chumvi ambayo vinginevyo ingerundikana. Aidha, mito yenyewe haina chumvi nyingi, na baadhi ya madini hunaswa na tope la chini. Ushahidi uko hapo hapo kusini-magharibi, kwenye Ziwa Oloidien. Lilipotengwa na ziwa kubwa kwa kushuka kwa maji mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilianza kugeuka la magadi, na baadaye heroe wakaja kula humo. Maji yalipopanda miaka ya karibuni, mawili hayo yaliungana tena.

Kina cha maji hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kufuatana na vipindi vya mvua na ukame. Tangu miaka ya 1980 kuna sababu ya pili, nayo ni pampu zinazovuta maji ya kumwagilia mashamba ya maua na mboga. Utafiti wa Robert Becht na David Harper, uliochapishwa mwaka 2002, ulilinganisha kina kilichopimwa na kile ambacho mvua na mito vingeleta, ukaona kuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ziwa lilikuwa chini kwa takriban mita 3 kuliko lilivyostahili.

Ubora wa maji

Kipimo kinachoeleweka upesi ni kile cha kisahani cha Secchi. Mpimaji hukiteremsha kwa kamba kutoka kwenye mtumbwi, kisha husoma urefu wa kamba pale kisahani kinapopotea machoni. Katika miongo ya karibuni kimekuwa kikipotea mara nyingi kabla ya kufika mita 1. Ni badiliko kubwa na la kusikitisha kwa ziwa ambalo hapo zamani mwanga ulifika chini ukaotesha majani ya majini na mayungiyungi ya buluu.

Ukungu huo una vyanzo viwili. Cha kwanza ni udongo. Mashamba ya miteremko ya Kinangop hulimwa hadi kingo za mito, na kila mvua kubwa huuletea Malewa rangi ya kahawia. Cha pili ni mwani, ukiwemo wa jamii ya Microcystis, ambao baadhi yake hutoa sumu. Mwani hustawi kwa fosforasi na naitrojeni. Mashamba ya maua ndiyo hulaumiwa kwanza, lakini vipimo vya fosforasi, hasa vya wakati wa mvua za El Niño za 1997–98, vilionyesha kuwa nyingi huja na mito, imeshikamana na udongo. Maji taka ya mji wa Naivasha, uliokuwa na watu karibu 200,000 katika sensa ya 2019, huongeza mzigo huo.

Kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, upepo wa alasiri hukoroga maji hadi chini na kurudisha tope juu. Mkorogo huo huleta oksijeni, ila si kila mara inatosha. Februari 2010 samaki wengi walielea wamekufa. Upungufu wa oksijeni ulitajwa kuwa sababu kuu.

Mafunjo yaliyozunguka ziwa yalikuwa chujio la asili, hasa kwenye mdomo wa Malewa, ambako maji yalipungua kasi na tope likatua. Sehemu kubwa imetoweka: maji yaliposhuka mizizi ilibaki nchi kavu, ng'ombe na nyati wakaikanyaga, na kwingine mafunjo yakafyekwa ili kulima. Hakuna hasara iliyoligharimu ziwa hili zaidi ya hiyo.

Viumbe wageni

Samaki wa asili wa Naivasha, mdogo wa jamii ya Aplocheilichthys, hajaonekana tangu miaka ya 1960. Uvuvi wote hutegemea waliopandikizwa, wakiwemo besi wa Marekani, tilapia, na kamba mwekundu wa Louisiana aliyeletwa mwaka 1970 na kumaliza majani ya chini kwa vipindi. Karpi, aliyeonekana mwaka 2001, alienea upesi. Hufukua tope akitafuta chakula na kuyachafua maji zaidi. Magugu ya salvinia yaliingia miaka ya 1960, gugumaji mwaka 1988. Fukusi walioletwa kuyala wameyapunguza.

Matumizi na hifadhi

Ziwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1995. Maji yake hunyweshea maua na mboga za kuuzwa Ulaya na hutumika katika mitambo ya jotoardhi ya Olkaria. Bwawa la Turasha, kwenye tawi la Malewa, huhudumia Gilgil na Nakuru. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalifurika mtaa wa Kihoto mjini Naivasha.