Vumbi Lililorudi Rungwe

Mtu wa Tukuyu hulijua tope kuliko vumbi. Chini ya Mlima Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na njia za migombani huteleza hata miezi ambayo kwingine nchini ardhi imepasuka. Vumbi lililoharibu vifua vya wanaume wa huku halikuwa la kwao. Walilifuata mbali.

Safari ilianza karibu. Miaka ya 1920 dhahabu ilipatikana Lupa, wilayani Chunya, na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, wakapanda kwenda kuchimba. Kodi ya kichwa ilidai fedha taslimu, na kijana aliyetaka kuoa alihitaji ng'ombe wa mahari. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta vijana wengi wako nje wakitafuta mshahara. Wengine walikwisha kuvuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini.

Migodi ya dhahabu ya Johannesburg ilikuwa mbali zaidi, na kwa muda ilikuwa marufuku. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilizuia migodi kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa sababu walikuwa wakifa mno kwa nimonia. Zuio hilo lililegezwa miaka ya 1930, na shirika la kuajiri la wenye migodi, ambalo watu walilifupisha jina wakaliita Wenela, likapata njia ya kufika nchi za kaskazini. Rungwe ilikuwa na watu wengi na ardhi finyu. Wenela ilipata ilichokitaka. Mwaka 1950 Watanganyika katika migodi ile walikuwa kiasi cha elfu tano, na kufikia 1960 walizidi 14,000.

Kule shimoni mwamba wenye dhahabu umejaa kwatzi. Mashine ikiutoboa au baruti ikiupasua, hutoka vumbi laini la silika. Chembe zinazodhuru hazionekani kwa macho: hupita puani, hupita kooni, hutua chini kabisa mapafuni, na mwili hauna namna ya kuzitoa. Pafu hujitengenezea makovu kuzizunguka, na kovu halivuti hewa. Wenye migodi waliujua ugonjwa huu, silikosisi, mapema sana. Tume ya mwaka 1902 iliuchunguza, na kufikia 1911 Afrika Kusini ilikwisha kutunga sheria ya kuwafidia wagonjwa wake. Maji yalimwagwa kwenye mwamba ili kulilaza vumbi. Yalisaidia, lakini hayakutosha.

Sheria ilikuwapo, ila haikumtazama kila mchimbaji kwa jicho moja. Mzungu alipigwa eksirei na kulindwa na ofisi maalumu ya madaktari. Mwafrika alipangwa foleni, akapandishwa kwenye mizani, akapimwa kifua harakaharaka, akaruhusiwa kwenda. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko vumbi lenyewe, kwa sababu silikosisi huweza kuchukua miaka kumi, ishirini na zaidi kabla ya kujitokeza. Mkataba ukiisha mtu alikuwa bado ana nguvu. Alirudi na blanketi, baiskeli na fedha za ng'ombe, akaonekana amefanikiwa. Kikohozi kilimkuta shambani kwake, mbali na daktari yeyote wa migodi. Kwa kuwa silika hufungulia mlango kifua kikuu, wengi wa aina yake popote walipokuwa walihesabiwa kuwa wagonjwa wa kifua kikuu tu, na mgodi haukutajwa.

Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuipelekea watu nchi ya ubaguzi, na uajiri ukafungwa. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini waliokwisha kurudi walikuwa na vumbi mwilini tayari.

Njia ya kudai fidia mahakamani ilifunguliwa na ndugu wa vumbi hilo, asbesto, ambayo nyuzi zake nazo hukwama mapafuni kwa miongo. Maelfu ya wachimbaji na wanavijiji wa Afrika Kusini waliishtaki kampuni ya asbesto ya Cape huko London, na mwaka 2000 mahakama ya juu ya Uingereza ikakubali wasikilizwe huko. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mchimbaji wa dhahabu, Thembekile Mankayi, angeweza kumshtaki mwajiri wake. Alikuwa amekufa siku chache kabla ya hukumu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kampuni sita za dhahabu, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa wagonjwa, au familia zao.

Mfuko huo unawahusu waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mwaka huo Watanzania waliobaki humo walikuwa mia chache tu.