Dendraiti katika betri za lithiamu: zinavyoota na zinavyozuiwa

KIGALI. Tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand ilipoanza kuendesha biashara ya pikipiki za umeme jijini Kigali, wengi wamezoea kumwona dereva akiacha kituoni betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Betri za namna hiyo sasa ni bidhaa ya kuagizwa na kusafirishwa, kwa hiyo ni vyema anayezibeba ajue kinachoweza kuzichoma.

Dendraiti ni nini?

Betri inapochajiwa, lithiamu husafiri hadi upande wa hasi. Katika betri ya metali ya lithiamu, hujipanga juu ya metali yenyewe. Isipojipanga sawasawa, huota vijiti vyembamba kama mizizi, navyo ndivyo dendraiti. Kijiti kikitoboa utando unaotenganisha pande mbili, hutokea shoti ndani kwa ndani. Joto hupanda, na kimiminika kilichomo huweza kuwaka.

Hasara yake inajulikana. Mwaka 1989 betri za kampuni ya Moli Energy ya Kanada zilirudishwa kiwandani baada ya simu kushika moto nchini Japani. Mwaka 1991 Sony ilileta sokoni betri ya lithiamu ioni, ambayo lithiamu yake huingia ndani ya kaboni. Aina hiyo ndiyo inayotumika katika simu na pikipiki za umeme. Hata hivyo watafiti hawajaiacha metali, kwani kwa uzito uleule hubeba chaji takriban mara 10 ya grafiti.

Zinazuiwaje?

- Kuchaji polepole, ili lithiamu ijipange vizuri.
- Kutia katika kimiminika viungo vyenye florini, vinavyojenga ngozi imara juu ya metali.
- Kuzibana seli kwa shinikizo.
- Kutumia kauri badala ya kimiminika, ingawa kauri nayo ikipata ufa hupenywa.

Lithiamu ioni nayo huota metali ikichajiwa kwa kasi kupita kiasi, ikijazwa kupita kiwango, au ikichajiwa kwenye baridi chini ya nyuzi 0. Kwa hali ya hewa ya Kigali, cha kuogopa zaidi ni chaja isiyolingana na betri.

Kwa mfanyabiashara na msafirishaji

Betri za metali ya lithiamu zikiwa peke yake huandikwa UN 3090, na za lithiamu ioni UN 3480. Zote zinatakiwa ziwe zimefaulu majaribio ya UN 38.3, hivyo mdai muuzaji muhtasari wake kabla ya kulipa. Ndege za abiria haziruhusiwi kuzibeba kama shehena: metali tangu Januari 2015, ioni tangu Aprili 2016. Katika ndege za mizigo, ioni zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Betri ndogo za saa nyingi ni za metali na hazichajiwi kamwe. Betri iliyovimba au kupondwa isipakiwe pamoja na nzima, hata kama mteja ana haraka.