Mali bila Daftari: Historia Fupi ya Maduka ya Vitabu Yenye Matawi Mengi

Kila mwaka inapowadia Diwali, wafanyabiashara wa jamii yetu wenye asili ya Gujarati huleta vitabu vyao vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi ili vibarikiwe kabla ya kuandikwa mstari wa kwanza. Desturi hiyo huitwa Chopda Pujan. Jirani zetu Waswahili nao wana methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Desturi ni ya bara moja na methali ni ya pwani ya bara jingine, lakini maana yake ni moja: biashara isiyoandikwa haiwezi kulindwa, hata mwenyewe awe mwaminifu na mchapakazi kiasi gani.

Katika kijitabu hiki cha maadhimisho tumeona vyema kuandika juu ya biashara ambayo ndani yake daftari ni chombo cha kazi, na mfano wake wa karibu, yaani kitabu, ndio bidhaa yenyewe. Tunazo sababu mbili. Kwanza, wengi miongoni mwa waumini wa hekalu hili ni watu wa duka, na wako ambao vijana wao wanatamani kuligeuza duka moja kuwa mawili au matatu. Pili, maduka ya vitabu katika mitaa yetu yamepita katika miaka migumu, na historia inaweza kutueleza kwa nini.

Ugumu wa biashara hii

Kilo ya sukari iliyoko Nakuru ni sawa na kilo ya sukari iliyoko Kisumu. Kitabu si hivyo. Duka la wastani huweka maelfu ya vitabu vyenye majina tofauti, na vingi kati yake vimo nakala moja au mbili tu. Mnunuzi akikitaka kimoja, hawezi kupewa kingine badala yake. Nakala iliyoko katika tawi la Nakuru ilhali mnunuzi wake yumo Kisumu ni mtaji uliolala. Na kuisafirisha kunaweza kula faida yote.

Kwa sababu hiyo, biashara ya vitabu kwa muda mrefu imetegemea utaratibu unaofanana na mali kauli: mchapishaji humpa mwenye duka vitabu, na visivyouzwa hurudishwa. Utaratibu huo humpunguzia mwenye duka hofu, lakini humwongezea kazi ya kuandika. Ni lazima ajue kilichoingia, kilichouzwa, kilichohamishwa kwenda tawi jingine na kilichorudi. Mwenye duka moja aweza kuyashika hayo kichwani. Mwenye maduka kumi hawezi, na njia mbili zilimshinda fisi.

Reli ndiyo iliyofungua njia

Duka la familia ya Smith lilianzishwa London mwaka 1792 na Henry Walton Smith pamoja na mkewe Anna. Kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa biashara ya magazeti. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Novemba 1848, kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa W. H. Smith & Son, ilipofungua kibanda cha vitabu katika kituo cha reli cha Euston. Abiria alikuwa na saa kadhaa za kukaa bila kazi. Garimoshi halikuwa na mtikisiko wa gari la farasi, na kusoma njiani kukawezekana. Vibanda vikaenea kufuata reli. Reli hiyohiyo iliyomleta msomaji ndiyo iliyoleta mzigo wa vitabu, ikarudisha visivyouzwa na kupeleka hesabu makao makuu.

Lakini ardhi ya kituo haikuwa ya Smith. Mwaka 1905 kampuni mbili kubwa za reli zilitaka kodi ya juu zaidi, na hawakuafikiana. Smith ilipoteza takriban vibanda 200 kwa mara moja. Badala ya kulia, ilikodi nyumba katika barabara za kuelekea vituo hivyo, na katika muda wa wiki chache ikafungua zaidi ya maduka 100. Hivyo ndivyo kampuni ya vibanda ilivyogeuka kuwa kampuni ya maduka ya mjini. Jambo lililoiokoa halikuwa fedha peke yake. Ilikuwa tayari na makarani waliofunzwa, maghala yaliyopangwa na daftari zilizoonyesha ni kituo gani kilikuwa na wasomaji wa nini.

Katika India ya mababu zetu

Nchini India duka la vitabu lilitangulia reli. Mwaka 1844, mjini Madras, Abel Joshua Higginbotham, aliyekuwa mkutubi, alianzisha duka linaloendelea kuitwa kwa jina lake hadi leo. Garimoshi la kwanza la abiria lilisafiri kutoka Bombay hadi Thane tarehe 16 Aprili 1853. Reli ilipoenea kusini, Higginbothams nayo ilifungua vibanda vyake vituoni, na baadaye tawi kubwa Bangalore mwaka 1905.

Kaskazini, kazi hiyo ilifanywa na A. H. Wheeler, iliyoanzishwa Allahabad mwaka 1877 na Mfaransa Emile Moreau. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kabati la mbao lililowekwa katika jukwaa la kituo. Jina la Wheeler alilichukua kwa rafiki yake wa London. Mwaka 1888 kampuni ilipiga hatua nyingine: ilichapisha vitabu sita vyembamba vya hadithi za Rudyard Kipling, ambaye wakati huo alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Allahabad, na kuviuza vituoni kwa rupia moja kila kimoja. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mwenye vibanda vingi aliona kwamba hahitaji kungoja vitabu kutoka London; akiwa na vituo vingi vya kuuzia, aweza kuchapisha mwenyewe kitabu chepesi, cha bei moja, kinachotosha mfukoni na kumalizika safarini. Wingi wa matawi ulimpa nguvu ambayo duka moja lisingekuwa nayo.

Baadaye kampuni ilipita mikononi mwa familia ya Banerjee, na vibanda vyake vya mbao vikawa sehemu ya safari ya kila Mhindi wa kaskazini. Hata hivyo jina la Kiingereza liliwafanya wengi waidhanie kuwa kampuni ya kigeni. Mwaka 2004 Wizara ya Reli ilitangaza kuuondoa ukiritimba wake. Ikawa ni kisa kilekile cha mwaka 1905: ajengaye juu ya ardhi ya mwingine hana budi kuikumbuka siku ya kuhama.

Hatuwezi kuipita Gorakhpur bila kusimama. Mwaka 1923 ilianzishwa huko Gita Press, na tangu 1926 jarida lake la Kalyan limechapishwa bila kutegemea matangazo ya biashara. Nia ya Jaya Dayal Goyandka na wenzake ilikuwa kwamba mtu wa kipato cha chini aweze kuinunua Gita iliyochapwa vizuri, isiyo na makosa. Ili bei ibaki chini, vitabu viliuzwa kwa wingi sana kupitia maduka yao wenyewe katika miji mbalimbali na vibanda vya vituo vya reli. Wazee wetu wengi huku Afrika Mashariki walisoma katika nakala hizo za bei nafuu, zilizovuka bahari ndani ya masanduku ya wasafiri.

Daftari inakuwa namba

Hadi miaka ya 1960 matatizo ya matawi mengi yalitatuliwa kwa kalamu na subira. Kisha W. H. Smith ikaamua kuhamishia hesabu za ghala lake kwenye kompyuta. Hapo likazuka swali lililoonekana dogo: kompyuta itakitambuaje kitabu? Majina ya vitabu hufanana, waandishi hushirikiana majina, na karani huweza kukosea tahajia. Gordon Foster, mtaalamu wa takwimu, aliombwa ushauri, na mwaka 1966 akapendekeza kila toleo lipewe namba yake ya tarakimu tisa. Mwaka 1970 mfumo huo ulikubaliwa kimataifa ukiwa na tarakimu kumi, na tangu tarehe 1 Januari 2007 zimekuwa kumi na tatu. Ndiyo ISBN tunayoiona nyuma ya kila kitabu.

Uzuri wa namba hiyo umo katika tarakimu ya mwisho. Hiyo haichaguliwi; hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu hukataa na kosa hujulikana palepale, kabla kitabu kisichotakiwa hakijasafirishwa kwenda tawi la mbali. Msomaji achukue sasa hivi kitabu chochote cha shule kilichochapishwa hapa nyumbani akigeuze: vingi vya Kenya vina 9966 baada ya 978, vya Tanzania 9976 au 9987, na vya Uganda 9970. Hitaji la mwenye maduka mengi kujua mali yake iko wapi limezaa lugha inayotumiwa na wauza vitabu wa ulimwengu mzima.

Makao makuu na mtu wa tawini

Namba hata hivyo ilileta kishawishi kipya, nacho ni makao makuu kuamua kila kitu. Mfano wa karibuni ni Waterstones ya Uingereza, iliyoanzishwa na Tim Waterstone mwaka 1982. Kufikia 2011 ilikuwa na maduka karibu 300 na hali yake ilikuwa mbaya. Wachapishaji walikuwa wakilipa ili vitabu vyao viwekwe mbele, kwa hiyo madirisha ya maduka yote yalifanana, na vitabu vingi vilirudishwa bila kuuzwa. Mwaka huo James Daunt, mwenye maduka machache ya vitabu mjini London, alipewa uongozi. Aliziacha fedha hizo za wachapishaji na kuwarudishia mameneja wa matawi haki ya kuchagua vitabu kulingana na wasomaji wao. Vitabu vya kurudishwa vikapungua sana, na baada ya miaka michache kampuni ikarudi kwenye faida.

Fundisho lake si kwamba makao makuu hayana kazi. Ununuzi wa jumla, hesabu, mishahara na usafirishaji hufaa vikae mahali pamoja. Lakini kujua kwamba katika mtaa fulani watu husoma mashairi, na katika mwingine wazazi hutafuta vitabu vya hesabu, ni elimu ya mtu asimamaye nyuma ya kaunta. Mwenye mali asiyeamini macho ya mtu huyo amejinunulia kompyuta ya kumweleza jana tu.

Hapa kwetu

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na watu zaidi ya 30,000 kutoka India, na pembezoni mwake maduka yakaota kituo kwa kituo. Lugha yenyewe inashuhudia ujirani huo: maneno kama gari, hundi na laki yalivuka bahari pamoja na watu. Mtindo wa ndugu mmoja kukaa mjini kwenye duka la jumla na wengine kukaa kwenye matawi ya bara ndio uliolea biashara nyingi, yakiwemo maduka ya vitabu yaliyoanza baada ya uhuru. Text Book Centre ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1964, ni miongoni mwa yaliyokua hadi kuwa na matawi kadhaa.

Kwa maduka mengi ya Kenya, vitabu vya shule ndivyo vilivyolipa kodi ya pango. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, shule zilipewa fedha na kununua vitabu katika maduka ya karibu, nayo matawi yakaongezeka hata katika miji midogo. Mwaka 2013 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ikatozwa kwenye vitabu. Kisha mwaka 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Kwa mzazi maskini ambaye mtoto wake alikuwa akishirikiana kitabu kimoja na wenzake kadhaa, hilo lilikuwa jambo jema, nasi hatulibezi. Kwa mwenye duka lakini, mnunuzi mkubwa kuliko wote aliondoka msimu mmoja. Waliotegemea Januari pekee walifunga matawi, na baadhi walifunga hata duka mama. Waliosalia ni wale waliokuwa pia na wasomaji wa hadithi, wa dini, wa kilimo na wa watoto wadogo.

Smith alitegemea mwenye ardhi, Wheeler akategemea wizara, na maduka yetu yakategemea tenda na msimu. Kwa hiyo kijana anayetaka kufungua duka la pili tunamshauri kwanza alisome daftari la duka la kwanza: aone ni mnunuzi gani akiondoka kesho duka litatikisika, na kama ni mmoja tu, amtafute wa pili kabla ya kutafuta jengo la pili. Kisha amteue mtu wa tawini ambaye atamwachia funguo na pia atamwachia uamuzi.

Na kwetu sisi wengine, waumini na jirani, umebaki wajibu mwepesi. Duka la vitabu la mtaani haliwezi kuishi kwa kuja kwetu Januari peke yake. Tuingie pia Mei na Septemba, tuulize kitabu kwa jina lake, na kisipokuwepo tukubali kungoja kiletwe kutoka tawi jingine. Diwali ijayo, daftari jipya la mwenye duka huyo litakapofunguliwa, majina yetu na yawemo katika kurasa zake, upande wa mauzo.