Dawa ya majani ndani ya alkoli: 1:5 maana yake nini?

Katika masoko ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, dawa ya majani iliyolowekwa ndani ya alkoli inauzwa kwa vichupa vidogo. Muuzaji anasema tu: "Kunywa kijiko kimoja asubui, kimoja mangaribi." Kijiko hicho kiko na majani kiasi gani? Mara mingi hata yeye hajui, juu alijaza chupa kwa macho, akamwaga pombe mpaka ikafunika. Wafarmasi huita dawa hiyo tentire, na kwao jibu linaandikwa kwa namba mbili.

Namba ya kwanza ni uzito wa majani, mizizi ao maganda. Ya pili ni kiasi cha alkoli. 1:5 ni gramu 1 ya mmea kwa mililita 5 za alkoli. Si kikombe kimoja cha majani kwa vikombe vitano vya pombe. Hapo wengi wanakosea, kwani kikombe cha majani makavu na kikombe cha mizizi havina uzito sawa hata kidogo. Bila mizani, hakuna kipimo.

Mfano ni tangawizi. Gramu 100 za tangawizi kavu, kwa 1:5, zinaomba nusu lita ya alkoli. Kijiko kidogo cha chai kinabeba karibu mililita 5, ni kusema gramu 1 ya tangawizi. Kwa 1:10, kijiko kilekile kinabeba nusu gramu. Mgonjwa aliyezoea chupa ya 1:10, akipewa ya 1:2 na kuendelea na kijiko chake, anakunywa mara tano zaidi bila kujua. Kwa tangawizi, tumbo litawaka tu. Kwa mmea wenye sumu, ni jambo lingine. Ndiyo maana mimea mikali kwa kawaida hutengenezwa 1:10, mikavu mingine 1:5, na mibichi 1:2.

Mmea mubichi unaleta shida yake: maji. Gramu 100 za tangawizi mbichi ziko na karibu gramu 80 za maji. Zikitiwa ndani ya mililita 200 za alkoli ya degre 90, nguvu inashuka mpaka karibu degre 64. Zikitiwa ndani ya pombe ya degre 40, inabaki 28 hivi. Chini ya degre 20, dawa inaweza kuchacha na kuoza. Kwa majani makavu, degre 45 mpaka 60 zinatosha. Utomvu wa miti unaomba 90. Kupata degre 60 kutoka 90, pima mililita 667 za alkoli, kisha ongeza maji mpaka ifike lita 1.

Na alkoli yenyewe? Kanyanga na lotoko hazina degre inayojulikana, na zinaweza kuwa na metanoli, ile inayopofusha macho na kuua. Kuwasha moto ili kuona kama pombe ni nzuri hakusaidii, juu metanoli nayo inawaka. Alkoli ya kupanguza vidonda ao ya kuwasha moto haitengenezwi ili inywewe, hata ikiuzwa farmasi.

Kisha chupa inafungwa, inatikiswa kila siku kwa wiki mbili, na dawa inachujwa kwa kitambaa safi. Itatoka kidogo kuliko ilivyotiwa, kwa sababu majani yanabaki na nyingine. Kuongeza pombe ili kujaza chupa kunaharibu kipimo.

Tena, 1:5 inahesabu mmea, haihesabu dawa iliyo ndani ya mmea. Artemisia ya shamba moja inaweza kuwa na nguvu kuliko ya shamba lingine. Kwa malaria, OMS ilitangaza mwaka 2019 kwamba haiungi mkono chai wala majani ya artemisia. Mwenye homa aende kupimwa kituo cha afya.

Kijiko cha tentire ya degre 60 kiko na mililita 3 za alkoli tupu. Ni kidogo mbele ya chupa kubwa ya bia yenye 36, lakini mama mjamzito, mtoto na mwenye ugonjwa wa ini hawapashwe kuipewa. Anayekunywa dawa za kifua kikuu amuulize kwanza munganga. Anayenunua anaweza kumuomba muuzaji aandike juu ya chupa: mmea gani, mubichi ao mukavu, kipimo, degre na tarehe.