Mkono Upi Umwogeshe Mzee?

Maradhi ya uzeeni hayatofautiani sana kati ya Ibighi, huko Unyakyusa, na Unguja: presha, kisukari, mtoto wa jicho, magoti, mkojo usiozuilika, kusahau. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu wazee 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana presha. Dawa zake zinajulikana. Linalotofautiana, na ambalo vyeti vya hospitali haviliandiki, ni nani mwenye ruhusa ya kumshika mzee: kumvua nguo, kumwogesha, kumgeuza kitandani.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kuhusu vijiji vyao vya marika. Mvulana alipofikia miaka 10 hivi alitoka uani kwa baba, akajenga na wenzake wa rika lake kijiji chao; wengi waliishi pamoja hivyo hadi uzeeni. Monica aliuhusisha mpango huo na mwiko mzito, wa mkamwana na baba mkwe wake. Mkamwana hakupaswa kuonana naye wala kulitaja jina lake. Akimwona njiani alikwepa, na nyumba aliyomo mzee hakuiingia.

Basi mzee akiugua? Wanaume walichelewa kuoa, na wenye mali walioa wake kadhaa, kwa hiyo mzee wa namna hiyo alikuwa na mke mwenye nguvu bado. Tena majirani zake walikuwa wazee wenzake, watu waliokua naye tangu utotoni. Mkono wa mkamwana haukuhesabiwa, na kwa mwenye wake wengi pengo halikuonekana.

Nenda pwani sasa, Pemba au Lamu. Kwa sheria ya Kiislamu mke wa mwana ni maharimu wa baba mkwe daima, yaani hawezi kuolewa naye, hata akiachika au akifiwa. Anaweza kukaa mbele yake bila buibui, akamlisha, akamkanda miguu, akampeleka kliniki. Mpaka uliowekwa ni uchi: mwanamume ahudumiwe kwanza na mwanamume, mwanamke na mwanamke, sehemu ya siri ifunikwe kwa nguo, na dharura ndiyo inayolegeza. Unyakyusa ulimzuia mtu mzima mzima. Pwani iliizuia sehemu ya mwili. Kwa mgonjwa wa kitandani, naona mpaka wa pwani una huruma zaidi. Lakini sijaona pwani kitu kinachofikia kijiji cha rika kwa kumwondolea mzee upweke, na upweke nao humdhoofisha mtu mpaka akaacha kula.

 

Ibighi ya leo, pembeni mwa Tukuyu, haina kijiji cha rika. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa likafundisha ndoa ya mke mmoja. Ardhi ilijaa migomba, chai na watu. Vijana wako Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam. Mwiko umelegea sana, lakini haya haikuondoka nao. Chakula mkamwana atapika. Kuoga kwa mzee ni habari nyingine, na mara nyingi kazi humwangukia mjukuu, kwa kuwa babu na mjukuu wana utani wao. Ni mzigo mkubwa kwa mtoto anayetakiwa kuwahi shule.

Haya hiyo ina madhara ya mwilini. Mzee asiyetaka kuomba asindikizwe msalani, usiku, kwenye mteremko wenye utelezi wa mvua za Rungwe, hupunguza kunywa maji. Mwili unakauka, mkojo unauma, kizunguzungu kinamwangusha, na nyonga ikivunjika halali tena ila chali. Asipogeuzwa anapata vidonda mgongoni. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anahitaji dawa ya matone kwa wiki kadhaa, na mikono yake inatetemeka. Nani amtilie?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua zote mbili nazipongeza kwa moyo wote. Ila matibabu hayo ya bure yanaishia hospitali, na pensheni haimgeuzi mtu kitandani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Muuguzi anayemruhusu mzee kurudi nyumbani aulize jina la atakayemwogesha, kisha amfundishe huyo: namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, namna ya kumfunika wakati wa kumsafisha. Nanyi wenye wazazi Ibighi, fanyeni kikao wakati mzee bado anatembea, mumuulize yeye mwenyewe ni mkono wa nani ataukubali.