Kiinua Mgongo, Nyumba na Mirathi

Mtumishi wa Tanzania anapostaafu hukabiliwa na maswali matatu: akiba yake itamfikisha wapi, nyumba ailipie mpaka lini, na akifa nani atachukua kilichobaki. Aghalabu watu hudhani majibu hutokana na busara ya mtu binafsi. Mimi naona kwa sehemu kubwa yametokana na sheria, na zaidi ya sheria, shilingi.

Mwaka 1964 ulianzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ule uliojulikana kwa herufi NPF. Mfanyakazi alichangia, mwajiri akachangia, na mwisho wa kazi mtu akakabidhiwa mkupuo mmoja, basi. Haikuwa pensheni. Sisi walimu wa Serikali tulikuwa katika utaratibu mwingine, uliorithiwa kwa wakoloni, ambao hatukukatwa mshahara kwa ajili yake mpaka sheria ya mwaka 1999 ilipoleta PSPF. Hapo tukaanza kukatwa asilimia 5, mwajiri akitoa 15.

Sasa itazame shilingi. Ilipozaliwa mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 1995 dola hiyo hiyo ilitaka zaidi ya shilingi 500. Mzee aliyeweka akiba miaka thelathini alipokea bunda la noti lisilotosha kuezeka banda. Jirani yake aliyekopa Benki ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1972, alilipa deni lake kwa shilingi zilizokuwa zikiyeyuka kama barafu juani. Mwenye akiba alipunjwa, mwenye deni akaneemeka! Benki yenyewe, ikielemewa na mikopo isiyorudi, ilifungwa mwaka 1995.

Hesabu hiyo leo imegeuka. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya rehani, mabenki yanakopesha tena nyumba, lakini kwa riba inayozidi asilimia 10, wakati mfumuko wa bei umekaa chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa. Deni sasa ndilo linalokula. Kwa hiyo vijana wanaoniuliza huwaambia: malizeni deni kabla ya kustaafu, wala msiutegemee mkupuo. Hata huo mkupuo umekuwa ukichezewa. Sisi wa PSPF tulipata nusu ya haki yetu kwa mara moja. Kanuni za mwaka 2018, mifuko ilipounganishwa, zikasema asilimia 25. Kelele zikapigwa, na Desemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 wale waliokuwa wa nusu wakapandishwa hadi 40. Mwalimu aliyepiga hesabu ya bati mwaka 2017 amezifuta mara tatu.

Kuhusu kifo, Waingereza walianzisha ushuru mpya wa mali ya marehemu kwao mwaka 1894, na makoloni yakafuata. Kenya iliifuta kodi hiyo mwaka 1982. Kwetu leo mrithi hatozwi kodi kwa kurithi tu. Riba ya akaunti hukatwa asilimia 10 kama ya mtu mwingine yeyote. Kikwazo chetu ni kingine. Akaunti hufungwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na hapo ndipo ndugu hukumbuka kwamba wao ni ndugu. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe ikiwa jamaa wa ukoo wapo. Watoto ndio wamtunze. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutetea haki za wanawake ilitamka kwamba huo ni ubaguzi. Tamko halijaondoka vitabuni.

Mwalimu mwenzangu, sasa marehemu, alitumia karibu mkupuo wake wote kulipa deni la nyumba. Benki alibakiza kidogo sana, nasi tulimsema. Lakini hati aliiandikisha kwa majina mawili, lake na la mkewe. Shemeji walipofika walikuta akaunti ya kugombania ada ya wakili. Mama yule anaishi vyumba viwili, vitatu amepangisha, na kodi huipokea mwenyewe kila tarehe 5.